Klipu au Kipande cha Mbao? Namna ya Kushikilia Kingo za Jipsamu katika Dari na Kuta za Kugawa Vyumba

Dari na kuta za jipsamu zimeenea mjini Bukoba na katika miji midogo ya Muleba, kama vile Kamachumu na Nshamba. Mwenye nyumba huzipenda kwa sababu ni laini, hupakwa rangi vizuri na humalizika kwa siku chache. Lakini pamoja nazo limekuja lalamiko ambalo kila fundi wa dari analijua: miezi kadhaa baada ya kupaka rangi, ufa mwembamba hujitokeza kwenye kona, pale ukuta unapokutana na ukuta au dari inapokutana na ukuta. Mwenye nyumba huita fundi, fundi huziba na kupaka upya, na msimu unaofuata ufa hurudi mahali pale pale.

Ufa huo mara nyingi hausababishwi na rangi wala na skimu. Chanzo chake kimo nyuma ya bodi, katika mbao ambazo hazionekani tena. Katika sura hii tunaeleza njia moja ya kuupunguza, yaani kutumia klipu ndogo za chuma badala ya vipande vya mbao vinavyowekwa kwenye kona kwa ajili ya kushikia ukingo wa jipsamu tu. Tunaeleza pia mahali ambapo njia hiyo haifai kabisa. Mwenye nyumba anayelipa fedha yake anastahili kujua yote mawili kabla bodi ya kwanza haijapandishwa.

Kipande cha mbao cha kujazia hufanya kazi gani

Nyumba nyingi za Bukoba na Muleba hujengwa kwa matofali. Hata hivyo, fremu ya mbao hupatikana ndani yake katika sehemu mbili. Ya kwanza ni dari, ambapo mbao za dari hufungwa chini ya kenchi na bodi za jipsamu hupigiliwa kwenye mbao hizo. Ya pili ni kuta nyepesi za kugawa vyumba, ambazo wengi huziita partisheni. Hizi huwa na mbao moja inayolala sakafuni, moja inayolala juu, na nguzo za mbao zinazosimama kati yake, kisha bodi hufunika pande zote mbili.

Kila bodi ya jipsamu huhitaji kitu kigumu nyuma ya kingo zake. Pasipo kitu hicho, ukingo huning'inia, na ukiguswa hucheza na kupasuka. Tatizo hujitokeza kwenye kona. Partisheni mbili zinapokutana, bodi ya upande mmoja huangukia kwenye nguzo ya mwisho, lakini bodi ya upande wa pili hukuta uwazi. Hali ni hiyo hiyo juu: partisheni ikipita katikati ya mbao mbili za dari zinazoelekea upande uleule, kingo za dari hubaki bila kitu cha kuzishika.

Dawa iliyozoeleka ni kuongeza mbao. Fundi husimamisha nguzo ya ziada kwenye kona, au hupigilia vipande vifupi kati ya mbao za dari. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviita hapa mbao za kujazia. Mbao ya kujazia haibebi paa, wala haizuii nyumba isiyumbe. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kupokea ukingo wa bodi.

Kwa nini kona hupasuka

Mbao ni kitu kinachokunywa maji na kuyatoa. Mti uliokatwa karibuni hubeba maji mengi. Yanapopungua hadi kufikia takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, mbao huanza kusinyaa kadiri inavyoendelea kukauka. Husinyaa kwa upana na kwa unene, na kwa urefu karibu haibadiliki. Ikiwa mbao yenye upana wa milimita 100 itapoteza asilimia 4 tu ya upana wake, imesinyaa milimita 4. Ufa wa milimita 1 huonekana kutoka mlangoni. Basi milimita 4 si jambo dogo. Mkaratusi kwa kawaida husinyaa na kujipinda zaidi kuliko msonobari.

Mkoa wetu una sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, ikiwa miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mbao iliyopasuliwa shambani na kuletwa moja kwa moja kwenye jengo, huku ikinyeshewa njiani, hufika ikiwa mbichi. Baada ya paa kuezekwa, jua hupasha mabati, hewa ya juu ya dari huwa kavu na ya moto, na mbao hiyo huanza kukauka ikiwa tayari imefunikwa na jipsamu. Nayo jipsamu haisinyai pamoja na mbao. Mmoja anasogea, mwingine amesimama, na kiungo kilicho kati yao huachana.

Kwenye kona hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mbao tatu au nne zimerundikana mahali pamoja, kila moja ikisinyaa kwa upande wake, na bodi zote mbili zimepigiliwa humo kwa nguvu. Hapo kona haina nafasi ya kucheza, na kitu kisichoweza kucheza hupasuka. Wazee wa Kihaya waliojenga msonge walilijua jambo hili kwa njia yao: fito zilifungwa kwa kamba, na kiungo kilichofungwa kwa kamba huweza kujinyoosha kidogo bila kuvunjika.

Klipu ni nini, na hufanyaje kazi

Klipu tunayoizungumzia ni kipande kidogo cha chuma kilichopakwa zinki, chenye upana wa sentimita chache na kilichokunjwa mfano wa herufi L. Zipo pia za plastiki ngumu. Upande mmoja hupigiliwa kwenye nguzo au kwenye mbao ya juu ya partisheni. Upande wa pili hujitokeza nje na kuwa kama kiganja kinachopokea mgongo wa bodi. Mahali palipohitaji nguzo nzima sasa huwa na klipu kadhaa zilizopangwa kwa nafasi sawa.

Njia hii si mpya duniani. Katika miaka ya 1970 watafiti wa ujenzi nchini Marekani walitafuta namna ya kujenga nyumba za fremu kwa mbao chache zaidi, na klipu za kona zikawa sehemu ya mfumo huo. Wenzetu wa nchi za baridi huzisifu pia kwa sababu kona yenye mbao chache hupata nafasi ya kuwekwa kizuia baridi. Sababu hiyo haituhusu sana hapa kando ya Ziwa Victoria. Zinazotuhusu ni mbili: kupunguza nyufa na kuokoa mbao.

Siri ya klipu iko katika jambo ambalo mafundi wengi hulikosea: bodi inayoegemea klipu haipigiliwi kwenye klipu. Huachwa imeegemea tu. Bodi ya pili, ile inayopigiliwa kwenye nguzo halisi, huja baadaye na kuibana ya kwanza isitoke. Hivyo kona hushikwa lakini haifungwi. Mbao ikisinyaa au paa likinyanyuliwa kidogo na upepo, bodi hujikunja kidogo sana badala ya kuvunja kiungo.

Kanuni za uwekaji ni hizi:

1. Nafasi kati ya klipu na klipu isizidi sentimita 40, yaani inchi 16. Ziwepo pia karibu na ncha zote mbili za kona.
2. Dari huwekwa kwanza, kuta baadaye. Bodi ya ukuta ikisimamishwa vizuri hubana ukingo wa dari kutoka chini, na klipu huuzuia kutoka juu.
3. Ukutani, ile bodi inayoegemea klipu ndiyo hutangulia, kisha huja ile inayopigiliwa.
4. Kwenye ukingo unaoegemea klipu, skrubu za karibu zaidi zikae kwenye mbao inayofuata. Pale mbao ya dari inapokaribia sana kona, skrubu ya kwanza iachwe umbali wa takriban sentimita 20 kutoka konani.
5. Kiungo cha kona huwekwa tepu ya karatasi na kujazwa kwa uji wa jipsamu wa kuunganishia. Klipu bila tepu haizuii ufa.

Ni muhimu pia kujua mipaka ya klipu. Imetengenezwa kwa ajili ya kona. Viungo vilivyo katikati ya dari, ambako ncha ya bodi moja hukutana na ncha ya nyingine, bado huhitaji mbao nyuma yake. Vilevile klipu haiponyi vichwa vya misumari vinavyojitokeza katikati ya ukuta. Hivyo hutokea pale mbao inaposinyaa na kuacha uwazi kati yake na bodi, na dawa yake ni mbao kavu na skrubu badala ya misumari.

Tahadhari kwa nyumba ya matofali

Hapa ndipo mwenye nyumba wa Bukoba na Muleba anapaswa kuwa makini kuliko yule anayesoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nyumba za ng'ambo. Tumesema kwamba ukingo wa dari hushikwa na vitu viwili: klipu juu yake na bodi ya ukuta chini yake. Katika chumba chenye kuta za matofali yaliyopigwa lipu, bodi ya ukuta haipo. Ukiweka klipu peke yake, hakuna kinachouzuia ukingo kushuka. Bodi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 9 huwa na uzito wa karibu kilo 20, na urembo wa pembeni, ambao mafundi huuita konishi, haukutengenezwa kubeba mzigo huo.

Kwa hiyo, katika ukuta wa matofali, ukingo wa dari ushikiliwe kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni mbao kavu iliyofungwa ukutani kwa skrubu na plagi. Ya pili ni kipande kirefu cha chuma chenye umbo la L, kilichopakwa zinki na kufungwa ukutani mzunguko mzima wa chumba. Njia ya pili ina faida ileile ya klipu, kwa kuwa chuma hakisinyai. Fundi akikuambia kwamba atatumia klipu kwenye ukuta wa matofali bila kuweka kimojawapo, mwombe akueleze ni kitu gani kitakachobeba ukingo ule kutoka chini.

Kuhusu konishi, tunashauri igandishwe na kupigiliwa upande mmoja tu, upande wa dari, na iguse ukuta bila kugandishwa. Ikigandishwa pande zote mbili, mwendo mdogo wa dari utaipasua kwa urefu wake wote.

Mahali ambapo mbao haiondolewi

Kabla ya kukubali kipande chochote cha mbao kiondolewe au kiachwe, uliza swali moja: kipande hiki kinabeba nini? Jibu likiwa ni ukingo wa jipsamu tu, klipu inaweza kuchukua nafasi yake. Jibu likiwa ni kingine chochote, mbao ibaki.

Mbao ibaki mahali patakapotundikwa kabati la jikoni, televisheni, sinki la kunawia, tangi dogo la maji ya moto, fimbo ya pazia zito au feni ya dari. Klipu haikutengenezwa kuvutwa wala kubeba. Jipsamu yenyewe nayo haiwezi kushikilia skrubu ya kabati lililojaa vyombo. Chora mapema mahali vitu hivi vitakapokaa, umwoneshe fundi, naye aweke mbao imara nyuma ya bodi kabla ya kufunika. Baada ya kufunika, kazi hiyo hugharimu mara mbili.

Mbao ibaki pembeni mwa milango ya partisheni. Mlango hupigwa na upepo kila siku, na mtikisiko wake huingia kwenye nguzo zilizo kando. Nguzo hizo ziwe mbili mbili.

Na zaidi ya yote, mbao ibaki ikiwa ni sehemu ya kenchi, au ni mbao ya mshazari inayozuia kenchi zisilale, au ni mbao inayofunga kenchi na ukuta. Hizi si mbao za kujazia hata kidogo, ingawa kwa mtu anayechungulia juu ya dari zinaweza kufanana. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, likaua watu, likajeruhi mamia, na kubomoa au kupasua maelfu ya nyumba. Wenye nyumba wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa kwamba ardhi ya hapa husogea. Klipu hazimwongezei mtu usalama wakati wa tetemeko, na hazipunguzi usalama huo maadamu zimechukua nafasi ya mbao za kujazia pekee. Kinachoishikilia nyumba ni msingi, mkanda wa zege unaozunguka kuta kwa juu, na namna paa lilivyofungwa kwenye mkanda huo. Fundi wa dari asiruhusiwe kukata mbao yoyote ya paa ili kupitisha taa au nyaya bila idhini ya aliyelijenga paa au ya mhandisi.

Hesabu kabla ya kuamua

Baadhi ya wauzaji husema klipu hupunguza gharama. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Inategemea bei za siku hiyo. Tunapendekeza ufanye hesabu mwenyewe kwa njia hii.

Chukua kona moja ya partisheni yenye urefu wa mita 2.7. Kwa njia ya kawaida utahitaji nguzo moja ya ziada ya mita 2.7. Kwa klipu, gawanya sentimita 270 kwa 40. Utapata nafasi 6.75, yaani nafasi 7, na nafasi 7 huhitaji klipu 8. Kwa ukingo wa dari wenye urefu wa mita 4, sentimita 400 gawanya kwa 40 ni nafasi 10, yaani klipu 11. Sasa linganisha bei ya klipu 8 na bei ya mbao moja, pamoja na misumari yake. Ongeza nauli ikiwa klipu zitaagizwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam kwa kuwa duka la jirani halinazo.

Ikiwa klipu ni ghali zaidi, bado unaweza kuzichagua kwa sababu ya kuzuia ufa, lakini utazichagua ukijua kwamba unalipia ubora na si kwamba unaokoa fedha. Nayo nyumba yenye kona mbili tatu tu za partisheni haitaona tofauti kubwa. Katika nyumba hiyo, fedha ya klipu inaweza kufanya kazi zaidi ikitumika kununua mbao zilizokauka.

Maana ukweli ni huu: mbao kavu ndiyo kinga ya kwanza, na klipu ni ya pili. Ili kupima ukavu bila kifaa maalumu, kata kipande kifupi kutoka katikati ya mbao mojawapo na ukipime kwenye mizani ya dukani. Kiweke mahali pakavu penye hewa kwa siku saba, kisha ukipime tena. Ikiwa kilikuwa na kilo 2 na sasa kina kilo 1.6, mbao ile imetoa gramu 400 za maji na huenda bado inaendelea kutoa. Rudia mpaka uzito uache kushuka. Wakati unasubiri, panga mbao zako chini ya paa, juu ya matofali, huku ukiweka vijiti kati ya mpango na mpango ili hewa ipite. Kuzirundika chini na kuzifunika kwa turubai hadi ardhini huzihifadhi zikiwa mbichi.

Unaponunua

Chagua klipu zilizopakwa zinki au zilizotengenezwa mahususi kwa jipsamu. Unyevu wa ukanda wa ziwa huleta kutu upesi kwenye chuma kitupu, na kutu hupenya skimu na kuacha doa la kahawia ambalo rangi hailifichi. Vipande vinavyokatwa kutoka kwenye mabaki ya mabati ya kuezekea havifai: ni vyembamba, hukunjika bodi inapovisukuma, na kingo zake hukata mikono.

Pima mbao unazonunua. Mbao inayouzwa kwa jina la 2 kwa 4 ipimwe kwa futi kamba mbele ya muuzaji, kwa upana na kwa unene, kwenye ncha zote mbili. Fremu ya mbao zisizolingana huleta ukuta wenye mawimbi, na klipu haziwezi kulirekebisha hilo.

Dai risiti ya EFD kwa kila ununuzi na uitunze. Risiti inayotaja aina ya kifaa, idadi na tarehe ndiyo ushahidi wako wa kwanza endapo patatokea mgogoro.

Kabla fundi hajafunika

Kazi ya jipsamu ina siku moja ambayo ni muhimu kuliko nyingine zote: siku fremu inapokuwa imekamilika na bodi bado hazijapandishwa. Baada ya siku hiyo makosa yote yamefichwa. Omba kukagua, na usione haya, kwani fundi mwema hupenda kazi yake ionekane. Angalia mambo yafuatayo:

- Paa halivuji. Kagua siku ya mvua au mara tu baada yake. Jipsamu iliyolowa hulainika na kuanguka, iwe na klipu au isiwe nazo.
- Kila kona ya partisheni ina nguzo ya ziada au klipu, na klipu hazijaachana kwa zaidi ya sentimita 40.
- Klipu zimepigiliwa imara. Sukuma moja kwa kidole gumba, isicheze.
- Kwenye kuta za matofali kuna mbao au chuma cha L kilichofungwa ukutani pande zote.
- Mbao za dari zimepangwa kwa nafasi aliyoelekeza mtengenezaji wa bodi. Kwa bodi nyembamba ya milimita 9, sentimita 40 ni nafasi salama.
- Mbao za kutundikia kabati, sinki na televisheni zimewekwa, na vipimo vyake vimeandikwa.
- Hakuna mbao ya kenchi iliyokatwa.

Piga picha za simu za kila kona, ukiweka futi kamba ndani ya picha. Picha hizo zitakusaidia siku utakapotaka kutundika kitu, na zitamsaidia hata fundi mwenyewe endapo atalaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Makubaliano na malalamiko

Weka makubaliano kwa maandishi, hata kama fundi ni jirani au ndugu. Yataje aina ya mbao na kwamba ziwe kavu, aina ya klipu na nafasi kati yake, unene wa bodi, nani ananunua vifaa, na malipo ya kila awamu. Ni busara mkubaliane kubakiza sehemu ndogo ya malipo mpaka mvua za Machi hadi Mei zipite, ili ufa ukijitokeza urekebishwe bila mabishano. Sharti hilo liandikwe tangu mwanzo. Kulileta mwishoni ni kumwonea fundi.

Nyufa zikitokea, anza kwa kuzungumza na fundi ukiwa na maandishi na picha mkononi. Ufa mmoja mwembamba kama unywele kwenye nyumba mpya si ushahidi wa kazi mbovu. Ufa unaorudi baada ya kuzibwa, unaopanuka, au unaoambatana na bodi kushuka, huhitaji bodi ifunguliwe na sababu itafutwe. Na ufa unaopita kwenye jipsamu na kuendelea kwenye tofali au kwenye mkanda wa zege si suala la klipu tena. Mwite mhandisi, au toa taarifa katika idara ya ujenzi ya Manispaa ya Bukoba au ya Halmashauri ya Wilaya ya Muleba, kadiri nyumba ilipo.

Ikiwa tatizo liko kwenye kifaa ulichouziwa, rudi dukani na risiti. Pasipopatikana suluhu, kila lalamiko lina mlango wake. Ubora wa bidhaa hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Vipimo pungufu hupelekwa Wakala wa Vipimo. Na pale muuzaji alipokudanganya kuhusu sifa za bidhaa, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo na ya kupotosha, na lalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Huduma ya fundi inayosababisha mgogoro wa fedha inaweza kufikishwa kwanza kwa serikali ya mtaa au ya kijiji kwa usuluhishi, kisha mahakamani.

Kwa ufupi, tunamshauri mwenye nyumba azingatie mambo matatu. Asubiri mbao zikauke, hata kama kusubiri kunachelewesha kuhamia. Atumie klipu kwenye kona za partisheni, mahali ambapo mbao isingekuwa na kazi nyingine isipokuwa kupokea bodi, na atumie chuma cha L au mbao kavu kwenye kuta za matofali. Na kwa kila kipande kingine cha mbao kilicho ndani ya nyumba yake, asikubali kiondolewe mpaka aelezwe kinabeba nini.